Je, Mgema Amelitia Tembo Maji?

Wazee wetu walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi muhula huu, wala si kwa habari ya tembo, bali kwa habari ya muziki. Kila mara mwimbaji aliyejulikana na watu wachache anapoanza kupendwa na watu wengi, wale wachache wa kwanza hunung'unika. Husema kwamba zamani alikuwa mwimbaji wa kweli, na sasa amekuwa mfanyabiashara tu. Na ikiwa nyimbo zake mpya zimepigwa msasa vizuri, tena zina sauti za zilizopendwa za miaka arobaini iliyopita, manung'uniko huzidi.

Katika shule yetu neno hili si la maongezi matupu. Chama chetu cha Muziki, ambacho mimi ni katibu wake, kina nyimbo saba zilizotungwa na wanafunzi wenyewe. Tulizirekodi kwa simu katika ghala ya viti nyuma ya ukumbi, na wenzetu wanazipenda. Wanafunzi wa zamani wameahidi kutulipia siku mbili katika studio ya mjini, pamoja na ujira wa fundi wa sauti. Nusu ya wanachama wamefurahi. Nusu ya pili wanasema kwamba tukienda huko nyimbo zetu zitapoteza uhai wake, na wawili kati ya wapiga gitaa wetu watatu wametangaza kwamba watajitoa chamani. Kura itapigwa kabla ya kufunga shule. Basi nimeona vema niwaeleze wasomaji habari za mtu mmoja aliyeipita njia hiyo yote mbele ya macho ya dunia, ili kila mmoja apime mwenyewe kama msasa unaharibu mti ama unaonyesha uzuri wake.

Mtu huyo ni Abel Tesfaye, ambaye kwa muziki huitwa The Weeknd. Alizaliwa katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, tarehe 16 Februari, 1990. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ethiopia, nchi ambayo si mbali na kwetu. Alilelewa na mama yake na bibi yake katika mtaa wa Scarborough, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiamhari. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba nyumbani kwao jamaa zake walikuwa wakinywa kahawa, wakila bisi, na kusikiliza nyimbo za Aster Aweke na Mulatu Astatke. Akasema kwamba hakuutambua uzuri wa muziki ule mpaka alipokwisha kuondoka nyumbani, na kwamba uimbaji wake, ambao si wa kawaida, umetoka huko. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Alipokuwa na miaka 17 aliacha shule, akaondoka kwao, akaenda kukaa na rafiki zake katika nyumba ya kupanga. Sisemi haya ili mtu amwige. Nyimbo zake za kwanza zenyewe zinaonyesha maisha ya namna gani yalikuwako katika nyumba ile: ulevi, dawa za kulevya, na mapenzi yasiyo na huruma. Lakini humo ndimo alimoanza kazi yake. Mwisho wa mwaka wa 2010 nyimbo chache zilitiwa katika YouTube kwa jina la The Weeknd, wala watu hawakujua ni nani anayeimba. Wengine walidhani ni kundi zima. Wakati nyimbo zilipokuwa zikienea mjini yeye alikuwa akifanya kazi katika duka la nguo, na wenzake wa dukani walizisikiliza bila kujua kwamba mwimbaji anakunja mashati karibu nao. Hata jina lake lina sababu ya kimaskini. Aliondoa herufi moja kwa sababu kulikuwa na bendi nyingine ya Kanada iliyokuwa na jina hilo hilo kwa herufi zake zote.

Katika mwaka wa 2011 alitoa albamu tatu, moja mwezi wa Machi, ya pili mwezi wa Agosti, na ya tatu mwezi wa Desemba. Ya kwanza iliitwa "House of Balloons," kwa kumbukumbu ya nyumba ile ya kupanga. Kila moja ilikuwa na nyimbo 9, na zote zilitolewa bure katika intaneti. Mtu yeyote aliweza kuzichukua bila kulipa senti moja. Hakukuwa na kampuni ya santuri, wala tangazo redioni, wala picha za mwimbaji magazetini. Kwa muda mrefu hakukubali kuhojiwa na mwandishi yeyote. Mwimbaji Drake, ambaye naye ni wa Toronto, alimsaidia kujulikana, na mwaka ule ule akamshirikisha katika albamu yake mwenyewe.

Hapa yafaa tueleze maana ya kuwa mwanamuziki wa chini kwa chini, ambaye vijana wa Dar es Salaam humwita andagraundi. Si umaskini wa vyombo peke yake. Ni uhuru pia. Kwa kuwa hakuna mtu aliyetia fedha, hakuna mtu mwenye haki ya kuamuru. Wimbo mmoja katika albamu ile ya kwanza una urefu wa karibu dakika 7, na katikati unageuka ukawa kama wimbo mwingine kabisa. Hakuna mwenye redio angaliukubali. Sauti zake zilikuwa kama zinatoka ndani ya pango, ngoma zake nzito na za polepole, na juu yake sauti nyembamba ya kijana inayolia. Wale walioipenda waliipenda kama mtu anavyopenda siri. Nadhani siri hiyo ndiyo inayowaumiza watu hasa mwimbaji wao anapokuwa mkubwa, kwa sababu hawakupoteza wimbo, walipoteza upweke wao pamoja na wimbo.

Lakini uhuru ule ulikuwa na deni lililofichwa. Katika nyimbo zile mwimbaji na mafundi wake walikata vipande vya santuri za watu wengine na kuvishona ndani ya kazi yao. Walichukua kipande cha bendi ya Kiingereza iitwayo Siouxsie and the Banshees, kutoka wimbo wa mwaka wa 1980. Walichukua kipande cha marehemu Aaliyah. Walichukua pia vya bendi za Cocteau Twins na Beach House. Mtu anapotoa nyimbo bure, jambo hili huvumiliwa. Anapotaka kuziuza, sheria humdai: kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe aweza kudai malipo au kukataa kabisa. Basi mwaka wa 2012, alipofanya mapatano na kampuni ya Republic na albamu zile tatu zikauzwa pamoja kwa jina la "Trilogy," nyimbo zikiwa 30, mambo mengine ilibidi yabadilishwe. Kipande cha Aaliyah, kwa mfano, kiliondolewa. Ni mwezi wa Machi 2021 tu, albamu ya kwanza ilipotimiza miaka 10, ndipo ilipotolewa tena rasmi kama ilivyokuwa mwanzo. Nataja habari hii kwa sababu mmoja wa nyimbo zetu saba una kipande cha wimbo wa watu, na wengi hawajafikiri nini kitatokea siku tutakapotaka kuuuza.

Albamu yake ya kwanza chini ya kampuni kubwa, "Kiss Land," ilitoka mwaka wa 2013. Iliingia nafasi ya 2 katika orodha ya albamu za Marekani, lakini haikuwa na wimbo hata mmoja ulioshika watu wote. Giza lilikuwa lile lile, na wale waliozoea giza waliisifu, wengine walipita. Ndipo mwimbaji akafika njia panda. Aliweza kubaki alipo, akipendwa na watu wake, au kujifunza ufundi mwingine. Akachagua kujifunza.

Mwaka wa 2014 aliimba pamoja na Ariana Grande wimbo uliotungwa kwa msaada wa Max Martin. Huyu Max Martin ni mtu wa Sweden, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 ametunga nyimbo nyingi sana zilizofika juu kabisa katika orodha ya Marekani, ukiwamo ule uliomfanya Britney Spears ajulikane mwaka wa 1998. Watu wanaojua kazi yake husema kwamba hutunga kama mtu anayepiga hesabu. Silabi za mstari mmoja lazima zilingane na silabi za mstari wenzake, sauti ikipanda hapa, lazima ijibiwe pale, kiitikio kisichelewe. Sisi tuliosoma ushairi hatupaswi kustaajabu. Ni mizani. Mtunzi wetu wa mashairi akiona mstari umezidi silabi moja hulala bila usingizi mpaka aitoe, wala hakuna anayemwambia kwamba ameuza roho yake kwa kuhesabu mizani.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 2015. Wimbo uitwao "Can't Feel My Face," uliotengenezwa pamoja na Max Martin, ulifika nafasi ya 1 Marekani, na huo ulikuwa wimbo wake wa kwanza kufika huko. Ulikuwa mwepesi, wa kuchezeka, na watu wengi walisema kwamba wanamsikia Michael Jackson ndani yake. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza kwa nguvu. Lakini tazama lililofuata. Wimbo ulioutoa huo katika nafasi ya 1 ulikuwa wake yeye mwenyewe, "The Hills," na huo ni mzito na wa giza kama zile za nyumba ya kupanga. Mmoja wa mafundi wake, Illangelo, ni yule yule wa siku za mwanzo. Tena ulikaa juu kwa wiki 6, wakati ule mwepesi ulikaa wiki 3. Na mwisho wa "The Hills" yanasikika maneno ya Kiamhari. Basi mamilioni ya watu ambao hawajapata kusikia lugha ile waliisikia kwa mlango huo. Mtu aliyekwisha tupa asili yake asingaliiweka hapo.

Sasa nieleze msasa wenyewe unavyofanya kazi, kwa maana wengi wanaoulaumu hawajui ni nini. Katika studio kubwa mwimbaji haimbi mara moja akaenda zake. Huimba mstari mmoja mara nyingi, kisha fundi huchagua neno hili kutoka mara ya tatu, na lile kutoka mara ya tisa, akayaunga. Baadaye kila chombo hupewa mahali pake: besi chini, ngoma katikati, sauti ya mtu mbele, ili kimoja kisikanyage kingine. Mwisho huondolewa kila kitu ambacho wimbo waweza kuishi bila yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu. Seremala hatii mbao juu ya meza ili iwe laini, huiondolea. Wimbo wa dakika 7 huwa wa dakika 3, na fundi hodari hujua ni dakika gani 4 za kutupa. Fundi asiye hodari hutupa zile zilizokuwa na moyo, na hapo ndipo mgema hulitia tembo maji kweli.

Jambo la pili ni zile sauti za zamani. Katika miaka ya 1980 ya mwanzo vilienea vinanda vya umeme viitwavyo sintesaiza, vinavyotengeneza sauti kwa mitambo badala ya nyuzi au pumzi, pamoja na mashine za ngoma zinazopiga bila mpigaji. Mwaka wa 1983 kampuni ya Yamaha ilitoa sintesaiza yake maarufu, DX7, na sauti yake ikasikika katika santuri nyingi mno za wakati ule. Ni sauti zinazong'aa kama kioo, baridi kidogo, safi, zisizochoka. Kwa watu wa umri wa walimu wetu na wanafunzi wa zamani, sauti zile zina kumbukumbu za ujana. Kwetu sisi hazina kumbukumbu yoyote, lakini bado zinatugusa, na hilo ni jambo la kufikiriwa. Nadhani sababu ni hii: zinatupa huzuni ya wakati ambao hatukuuishi. Tunasikia furaha ya watu na papo hapo tunajua kwamba furaha ile imekwisha pita.

Tesfaye alianza kuelekea huko wazi wazi mwaka wa 2016, aliposhirikiana na Daft Punk, Wafaransa wawili waliokuwa mabingwa wa kutengeneza upya sauti za disko, katika albamu ya "Starboy." Lakini kilele chake ni wimbo wa "Blinding Lights," uliotoka tarehe 29 Novemba, 2019, kazi yake na Max Martin na fundi mwingine wa Sweden, Oscar Holter. Mwendo wake ni mapigo 171 kwa dakika, yaani karibu mapigo matatu kwa kila sekunde. Mtu angaliweza kuutia katika santuri za miaka ya 1980 na wengi wasingaligundua. Ulikaa katika orodha ya nyimbo 100 za Marekani kwa wiki 90, na kati ya hizo wiki 57 ulikuwa katika 10 bora. Mwezi wa Novemba 2021 gazeti la Billboard liliutangaza kuwa wimbo uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya orodha ile, iliyoanza mwaka wa 1958. Na mwezi wa Januari 2024 ulivuka mara bilioni 4 za kusikilizwa katika Spotify.

Tukumbuke pia ni wakati gani watu waliusikia. Albamu yake, "After Hours," ilitoka tarehe 20 Machi, 2020, siku ambazo nchi nyingi zilikuwa zikifunga shule, makanisa, misikiti na masoko kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watu waliofungiwa majumbani walipewa wimbo wa mtu anayeendesha gari usiku katika mji mtupu, akiwa mpweke na akimtaka mwenzake. Ngoma inakimbia, vinanda vinang'aa, lakini maneno yake si ya furaha hata kidogo. Kijana yule wa nyumba ya kupanga yumo ndani bado, ila sasa amewashiwa taa.

Basi, tuwasikilize wanaomlaumu, maana si wajinga. Wanasema kwamba kilichopotea ni hatari. Katika nyimbo za 2011 msikilizaji hakujua wimbo utakwenda wapi. Katika nyimbo mpya kiitikio hufika mahali kinapotazamiwa. Ni kweli. Wanasema tena kwamba mafundi wale wale wakitengeneza nyimbo za waimbaji wengi, sauti za dunia zitafanana kama sare za shule. Hilo nalo ni kweli, na ni hasara. Mimi nilipozisikiliza albamu zile mbili mfululizo, ya 2011 na ya 2020, niliona wazi kwamba ya kwanza ina vitu ambavyo ya pili haiwezi kuvifanya. Msasa haurudishi kilichokwanguliwa.

Lakini shitaka lao kubwa ni lile la methali nyingine, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Na hapa ndipo ninapowapinga. Wanadhani asili yake ilikuwa giza na makelele, na kwamba zilizopendwa alizichukua baadaye ili apate fedha. Ushahidi hausemi hivyo. Wimbo wa kwanza kabisa katika albamu yake ya tatu ya 2011, siku alipokuwa hana cha kuuza, ulikuwa wimbo wa Michael Jackson wa miaka ya 1980 aliouimba upya. Kipande kile cha bendi ya Kiingereza katika albamu ya kwanza kilikuwa na umri wa miaka 31 wakati ule. Ya kale yalikuwamo tangu mwanzo, ila yalikuwa yamefunikwa kwa moshi. Alichobadilisha si kipenzi chake, ni uwezo wake. Zamani aliweza kukata kipande cha santuri ya mtu. Baadaye aliweza kuwaita mafundi na kutengeneza santuri yake.

Tena kuna ile kahawa na bisi za nyumbani. Waethiopia wana aina ya wimbo, nayo pia ni ngazi ya sauti tano, inayoitwa tizita. Maana yake ni kumbukumbu, ama hamu ya mambo yaliyopita. Waimbaji wakubwa wa Addis Ababa wa miaka ya 1960 na 1970, kama Mahmoud Ahmed, waliiimba huku wakiwa na magitaa ya umeme na tarumbeta. Mtoto aliyekua akisikia sauti za namna ile hawezi kuambiwa kwamba kuimba kwa hamu ya zamani amekufunzwa na wafanyabiashara wa Marekani. Wala hakusahau alikotoka kwa matendo. Mwaka wa 2016 alitoa dola 50,000 za Kanada ili Chuo Kikuu cha Toronto kianzishe masomo ya lugha ya kale ya Ethiopia, yaani Kige'ez, na mwezi wa Aprili 2021, vita vilipokuwa vikiwaka katika jimbo la Tigray, alitoa dola milioni 1 kwa chakula cha walioathirika kwa njia ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

Na je, mwenyewe hakuona hatari ya kusuguliwa mno? Aliiona, tena akaionyesha. Wakati wa "After Hours" alikuwa akitokea hadharani amevaa suti nyekundu na uso umefungwa bandeji. Baada ya miezi bandeji zikatoka, na uso ukaonekana umevimba kama wa mtu aliyepasuliwa ili awe mzuri. Ilikuwa sanaa ya urembo wa filamu, si kweli. Alieleza kwamba alikuwa akiwadhihaki watu mashuhuri wanaojigeuza ili wakubaliwe. Mwezi wa Februari 2021, alipoimba katika mchezo wa fainali ya mpira wa Kimarekani huko Tampa, ambako inasemekana alitia karibu dola milioni 7 zake mwenyewe, waliocheza kumzunguka walikuwa na nyuso zilizofungwa bandeji. Na kabla ya kuufikia wimbo wake mkubwa kuliko yote alipitia ule wa 2011 wa nyumba ya kupanga. Mbele ya watu wengi kiasi kile, alisimamisha ya kwanza na ya mwisho bega kwa bega.

Kupendwa na wengi hakukumpa kila kitu pia. Mwezi wa Novemba 2020 majina ya walioteuliwa kwa tuzo za Grammy yalitangazwa, na lake halikuwamo hata mara moja, ingawa wimbo wake ulikuwa umejaa dunia. Alilalamika juu ya kamati za siri zilizokuwa zikichagua, akakataa kupeleka nyimbo zake tena. Mwezi wa Aprili 2021 waendeshaji wa tuzo waliziondoa nyingi za kamati zile, na mwezi wa Februari 2025 alirudi kuimba katika sherehe yao. Siku chache kabla, tarehe 31 Januari, alitoa albamu ambayo alisema itamaliza kazi ya jina la The Weeknd. Anayeisikiliza mpaka mwisho atagundua kwamba sauti za mwisho kabisa zinaungana na mwanzo wa wimbo wa kwanza wa albamu ya 2011. Mti uliopigwa msasa bado ulikuwa na mizizi yake.

Kutokana na hayo yote mimi nimepata mashauri matatu kwa ajili ya kura yetu. La kwanza, twende studio, lakini tusizifute nyimbo za ghala. Zihifadhiwe katika maktaba ya shule kama zilivyo, pamoja na kishindo cha viti na kengele ya saa kumi inayosikika katika wimbo wa nne. Baada ya miaka 10 huenda watu wakazitaka hizo kuliko zile safi. La pili, fundi wa mjini aambiwe mapema ni kitu gani katika kila wimbo kisichoguswa. Watunzi wenyewe wakiandike, mstari kwa mstari. Mtu asiyejua kipi ni moyo wa wimbo wake hana haki ya kumlaumu fundi akiukata. La tatu, ule wimbo wenye kipande cha watu tuombe ruhusa ya mwenyewe, ama tukibadilishe sasa, kabla ya mtu kutudai.

Wapiga gitaa wetu wawili ninawaheshimu, na ningependa wabaki. Hofu yao ni ya haki: wanaogopa kwamba tutatoka studio tukiwa tumefanana na kila mtu. Dawa ya hofu hiyo ni wao wenyewe kuwa ndani ya chumba fundi anapofanya kazi, na kusema hapana inapopasa. Wakikaa nje, watakaokuwa ndani ni wale tu waliokubali kila kitu, na hapo tembo litapata maji bila ya mtu wa kuonja. Wanafunzi wa zamani walioahidi fedha nao nawaomba wajue kwamba twashukuru, na kwamba wakisikia nyimbo ambazo pembe zake bado zina ukali kidogo, wasidhani fundi alikuwa mvivu. Tumeziacha kwa kusudi.